Mwisho Niliomnyima Wifi

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi nina wivu. Si wivu wa nguo wala wa nyumba. Jirani akinunua kochi jipya, mimi ndiye ninayemshikia mlango lipite. Lakini mtu akisimulia kisa kizuri mbele za watu, na kisa hicho hakikupita kwangu kwanza, roho inaniuma hadi chakula hakipiti kooni. Nimejaribu kuacha nikashindwa, na sasa naishi nao huo wivu kama mtu anavyoishi na goti bovu.

Kwa miaka mingi haukunisumbua sana, kwa sababu hadithi zilikuwa zinaletwa nyumbani. Mume wangu ni fundi wa vitasa. Mtaa mzima unamwita Fundi na mimi namwita hivyo hivyo. Yeye ananiita Mwandishi, mwanzoni kwa utani, baadaye jina likanikaa. Kazi yake ni kufungulia watu waliojifungia nje, kubadilisha vitasa na kuchonga funguo. Ukiifikiria, hakuna kazi nzuri kama hiyo kwa mtu ambaye mkewe anaandika. Watu wengine tunakutana nao wakiwa wamejiandaa. Fundi wa vitasa anawakuta walivyo, mmoja kajifunga taulo kwenye korido, mwingine analia kwa sababu sufuria iko jikoni na moto unawaka.

Mimi mchana nakaa mapokezi kwa daktari wa meno. Wanaokuja pale mashavu yamevimba, hawataki kuzungumza. Wakishang'olewa ndiyo hawawezi kabisa. Kwa hiyo nilimtegemea Fundi. Jioni akirudi ananawa mikono kwa sabuni ya unga ili grisi itoke, anakaa mezani, mimi napakua. Sahani yake naiweka upande wangu. "Haya," namwambia, "leo?" Akishasimulia, naisukuma sahani kwake. Ulianza kama mchezo wa watu waliooana juzi. Miaka ikapita, mchezo ukawa sheria, na sikumbuki nani kati yetu aliacha kucheka kwanza.

Kitabu changu cha kwanza kilitoka kwenye sahani hizo. Kilisomwa, kikasifiwa, na watu wakaanza kuniuliza hadithi nazitoa wapi. Nilikuwa na jibu langu nililolipenda: "Mimi sibuni. Mimi naokota." Nililisema kila nilipoalikwa, kidevu juu. Waandishi wanaobuni niliwaona ni waongo wenye mwandiko mzuri.

Sasa nije kwa wifi yangu, mdogo wake Fundi. Ana duka la dobi mtaa wa pili. Ni mpole, humsikii akipandisha sauti. Lakini ndugu wakikusanyika na yeye akafungua mdomo, wote wanageuza viti. Atasimulia habari ya mteja aliyeleta koti lile lile mara tatu kwa sababu kila likisafishwa mkewe analikuta na harufu ya sabuni asiyoijua, na watu watavunjika mbavu, mama mkwe atavua miwani afute machozi, na mimi nitacheka kwa meno tu. Mimi ndiye niliyekuwa na kitabu. Mimi ndiye niliyealikwa redioni. Hakuna mtu aliyewahi kunigeuzia kiti.

Mwaka wa kisa hiki nilikuwa naandika kitabu cha pili, mhariri kila mara yuko kwenye simu anaulizia, na Fundi akachanua. Visa vyake vya kawaida, mtu kapoteza ufunguo, mtu kaupata mfukoni, vikaanza kuwa na mikono na miguu. Akaniletea ndugu wawili waliorithi kabati moja, kila mmoja katia kufuli yake, wakamwita azifungue zote mbili, kisha wakashinda chumbani siku nzima kwa sababu hakuna aliyekubali kutoka kwanza. Akaniletea bwana harusi aliyejifungia bafuni, akawa anamnong'oneza fundi kwenye tundu la ufunguo: jifanye umeshindwa. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi.

"Fundi, siku hizi una bahati ya wateja," nilimwambia.

Akakuna pua. "Mji una mambo," akasema.

Furaha yangu haikukamilika. Alikuwa anachelewa kurudi, na akirudi haleti harufu ya grisi, analeta harufu ya mvuke na sabuni ya maua. Nikajua anapitia kwa dada yake. Mke mwingine angesikia sabuni ya maua akawaza mwanamke wa nje. Mimi nilijua ni wifi, na nikaumia zaidi, maana mwanamke wa nje angenichukulia mume tu. Hizi zilikuwa hadithi zangu, na zilikuwa zinaonjwa kabla hazijanifikia. Nilisikia kabisa kwamba zimeshasimuliwa mahali. Kicheko kilikuwa pale kinapotakiwa, na kile kigugumizi cha mtu anayejaribu kukumbuka hakikuwepo tena.

"Hiki umeshakisimulia mahali," nilimwambia jioni moja.

"Mimi? Wapi?"

"Fundi, mimi si mtoto."

"Tule, Mwandishi, chakula kinapoa," akasema, na sahani yake ilikuwa bado upande wangu.

Siku moja nikavua mapazia ya sebuleni, ambayo hayakuwa machafu, nikayabeba hadi kwa dobi. Duka la wifi ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta, nyuma kabisa kuna meza ya pasi, na katikati zinaning'inia nguo zilizokwisha, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Ukisimama kwenye kaunta humwoni anayepiga pasi, naye hakuoni. Kwa kawaida unasikia pasi tu ikipumua mvuke. Siku hiyo nilimsikia wifi.

"Kila mwezi anabadilisha kitasa," alikuwa anasema. "Kila mwezi. Halafu ufunguo mpya anampelekea yule yule mume aliyemfukuza."

Na Fundi wangu akacheka. Alicheka kile kicheko cha kupiga paja, ambacho nyumbani kwangu kilikuwa kimeadimika. Nilisimama na mapazia yangu mikononi, nikaelewa hivi: kisa kipya, tena kizuri kuliko vyote vya mwaka huo, amempa dada yake, na dada yake anakirudia ili akiweke vizuri kichwani. Mimi mke nakisikia kupitia makoti ya watu. Nikakohoa.

Wakatokea wote wawili katikati ya nguo.

"Karibu, wifi," akasema wifi yangu. "Tunapiga soga tu hapa."

"Nimesikia. Nimeleta mapazia."

Akayainua kwenye mwanga. "Mbona masafi?"

"Wewe fua tu."

Jioni ile Fundi alikaa mezani akaanza: kuna mama mmoja, anakaa nyumba ya kona, kamfukuza mumewe. Alisimulia vizuri sana. Mimi nilinuna. Sikuuliza swali hata moja, na kabla hajafika mwisho nikamsukumia sahani.

"Hukukipenda?" akauliza.

"Kula."

Akala shingo upande. Lakini kesho yake, daktari alipotoka kula, nilivuta karatasi pale pale mapokezi nikakiandika kile kisa chote bila kunyanyua mkono. Nilikiandika kwa hasira, ili kiwe changu kabla mtu mwingine hajakishika tena. Yule mwanamke nilimpa kucha fupi na mkufu wa marehemu mama yake, nikampa na tabia ya kuujaribu ufunguo mpya mara mbili kabla ya kuufunga kwenye kitambaa na kumpelekea mumewe. Fundi sikumwambia kama nimekiandika. Kwa nini nimwambie, na yeye alishapata wa kucheka naye? Mhariri alipokisoma alinipigia papo hapo. "Hiki ndicho kitakachobeba kitabu," akasema. "Kitabu chote tukiite jina lake." Nikajiona nimepona.

Baadaye, Jumapili moja, tulikwenda kula kwa mama mkwe. Tulimkuta sebuleni, miwani puani, gazeti kalifunua magotini. Hakusubiri hata tukae.

"Mwanangu, njoo uone. Wifi yako katoka gazetini."

"Kafanya nini?"

"Kaandika hadithi. Mimi sikujua kama huyu mtoto anaandika. Ya mama mmoja anayebadilisha vitasa."

Nilisoma nimesimama. Alikuwa ni yeye, mwanamke wangu, na mume wake yule yule aliyefukuzwa, na kitasa kipya kila mwezi. Hadithi ya wifi ilikuwa fupi kuliko yangu na, niseme ukweli ingawa unaniuma, ilikuwa nyepesi, inakwenda yenyewe. Yangu ilikuwa imejaa kucha na mkufu. Katika yake mwanamke hakupewa hata uso, lakini ukimaliza unamjua. Nilisoma mstari wa mwisho mara ya pili, nikitafuta kosa, na sikuliona.

Wifi akatoka jikoni na sinia la vikombe. Fundi alikuwa ameshapanda kwenye kiti anakaza komeo la dirisha la mama yake, maana hawezi kukaa nyumba ya mtu bila kushika bisibisi.

"Umeniibia," nikamwambia wifi.

Akaweka sinia mezani. "Nimekuibia nini, wifi?"

"Hiki kisa changu. Kiko kwa mhariri tayari. Kaka yako kakitoa kazini kwake akakuletea wewe, nawe umekikimbiza gazetini ili unipige bao. Kila jioni anashinda kwako, nimenyamaza. Sasa na kitabu changu?"

"Mwanangu, taratibu," mama mkwe akasema.

"Mama, naomba leo uniache niseme."

Wifi alimtazama kaka yake kule juu ya kiti. "Kaka," akasema, "si uliniambia hakukipenda?"

Bisibisi ikatulia.

"Nilidhani hakukipenda," Fundi akasema, bado ametugeuzia mgongo. "Hakusema neno."

"Ndiyo maana nikakipeleka," wifi akaniambia. "Wifi, nisingekupokonya. Nilijua hukukitaka."

"Kwani ni chako hata ukipeleke? Kimetokea kazini kwa mume wangu."

Hapo Fundi akashuka. Akafuta mikono kwenye suruali, akanitazama kama mtu aliyebeba mzigo mrefu na sasa anatafuta mahali pa kuutua.

"Hakuna huyo mama," akasema.

"Hakuna vipi? Wa nyumba ya kona."

"Hakuna mama, wala hiyo nyumba ya kona hakuna. Dada ndiye anayetunga."

"Na wale ndugu wa kabati?"

"Dada."

"Na bwana harusi?"

"Dada. Mwandishi, hebu nikwambie kazi yangu ilivyo. Mtu kajifungia nje. Naenda, nafungua, ananilipa, naondoka. Wengi hata hawaniangalii usoni, wanakimbilia chooni. Vile vya mwanzo vilikuwa vya kweli, vikaisha. Nikaanza kutia chumvi. Chumvi nayo ikaisha. Nikawa narudi nyumbani njia nzima najiuliza, leo nitakula nini."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Nikisema leo hakuna kitu, unasema, fikiri vizuri. Na sahani iko kwako."

"Sahani gani?" mama mkwe akauliza.

Mtu mwenye moyo mzuri angemwonea mumewe huruma pale pale, lakini mimi nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nakipitia kitabu changu kichwani, hadithi moja baada ya nyingine, na kila niliyoifungua nilimkuta wifi amekaa ndani. Mimi niliyezunguka na kujisifu kwamba sibuni, kumbe nilikuwa nanakili kazi ya mtu.

"Unazitoa wapi?" nikamuuliza. Nilisikia sauti yangu imekuwa ya kuomba, kama ya wale watu waliokuwa wakiniuliza mimi.

Wifi akapandisha mabega. "Napiga pasi, wifi. Mikono ina kazi, kichwa hakina. Basi kinazurura."

"Hivyo tu?"

"Mimi nilidhani watu wote wako hivyo."

Ninyi mnaoandika mtanielewa. Angesema anakesha, angesema anateseka, ningemsamehe. Alisema kama mtu aliyeulizwa anapumuaje.

"Zichukue zote," akaongeza, kwa upole, bila kijembe hata kidogo. "Ziweke kwenye kitabu chako, mimi sitasema. Hata hii ya gazeti nitawaambia niliisikia kwako. Mimi ninazo nyingine."

Angenizaba kofi ningemshukuru. Kofi lingenipa sababu ya kumchukia, na mimi nilikuwa naitafuta hiyo sababu kwa udi na uvumba. Nilikula chakula cha mama mkwe bila kujua nakula nini, nikasaidia kuosha vyombo, tukaaga.

Jioni nikapasha chakula, nikapakua, nikaiweka sahani mbele ya Fundi moja kwa moja. Akaitazama kama imewekwa pale kwa bahati mbaya.

"Kula," nikasema. "Siulizi kitu."

Akala vijiko vichache. Mimi nilijikaza kisabuni, lakini mwisho nilishindwa.

"Kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichokuwa chako? Chako wewe, si cha dada?"

Akatafuna kwa muda mrefu. "Kilikuwepo kimoja," akasema. "Cha fundi aliyesahau ufunguo wa kwake."

Nilikikumbuka kwa mbali. Fundi wa vitasa anarudi nyumbani mchana, anagundua ufunguo kauacha ndani. Mfuko wa kazi anao begani, na mlango wenyewe angeweza kuufungua akiwa amefumba macho. Haufungui. Anabisha hodi, kisha anakaa kwenye ngazi na kusubiri.

"Nilisemaje?"

"Ulisema hakina kitu. Ulisema nani atasoma habari za mtu aliyekaa kwenye ngazi."

"Kilikuwa cha kweli?"

"Nilikuwa mimi. Mlango wenyewe ni huo." Akauonyesha kwa kijiko.

"Sasa kwa nini hukufungua?"

"Siku nzima nafungulia watu," Fundi akasema. "Nilitaka na mimi nifunguliwe."

Niliutazama ule mlango. Tumekaa nao miaka yote hiyo, na sikuwahi kuona kama una jambo. Kisha, na hapa mtanijua nilivyo, kabla hata ya kumshika mkono mume wangu, nilikitaka hicho kisa. Nilikitaka kuliko kitabu kizima.

"Nisimulie tena," nikamwambia. "Chote. Sitakukatiza."

Akatikisa kichwa. "Nilishampa dada. Wewe ulikitupa, yeye akakiokota. Anakiandika."

Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikampigia mhariri na kumwambia kitabu kisitoke. Akadhani natania. Nikamweleza kwamba hadithi ni za wifi yangu, amtafute mwenyewe. "Na wewe una nini?" akaniuliza. Nikamwambia sina kitu. Msije mkadhani ulikuwa uungwana. Nisingeweza tu kusimama mbele za watu wakinisifu, na mimi moyoni najua anayesifiwa ni yeye.

Halafu nikaenda kwa dobi. Safari hii sikubeba pazia. Nilipita katikati ya mifuko ya nailoni hadi kule nyuma, mahali ambapo sikuwahi kufika. Kulikuwa na joto. Wifi alikuwa anapiga pasi shati jeupe, akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Nimezirudisha zote," nikamwambia. "Mhariri atakupigia simu."

"Wifi, mimi sikutaka..."

"Najua hukutaka. Nimekuja kuomba moja tu. Ile ya fundi kwenye ngazi."

Akaisimamisha pasi wima. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliuona uso wa wifi yangu umekaza.

"Hiyo hapana," akasema.

"Jana ulisema nichukue zote."

"Zile nilizotunga. Zile zinakuja tu, nitapata nyingine. Hii sikuitunga. Siku ile kaka alipoileta hakucheka hata kidogo. Siwezi kuitoa."

"Ni mume wangu, wifi."

"Na ni kaka yangu. Na wewe alikuletea kwanza."

Akaichukua pasi akarudi kwenye kola, akaivuta pande zote mbili ikanyooka. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Tena hata haijaisha. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Ndani ya nyumba. Fundi anabisha, hafunguliwi, anakaa kwenye ngazi. Mpaka hapo sawa. Lakini mke yumo ndani, kaka anasema alisikia kiti kikisogea. Sasa huyo mke anafanya nini? Nimemlaza usingizi, hadithi haikubali. Nimemfanya kiziwi, nikajicheka. Nimemfanya mbaya, ikawa uongo mtupu. Kaka hajui, alikuwa nje." Akanyanyua macho. "Wifi, ulikuwa unafanya nini?"

Na mimi nilikuwa najua. Siku ile daktari alikuwa amesafiri, nikabaki nyumbani naandika hadithi ya mwizi. Nilimsikia Fundi akibisha. Nilisogeza kiti, nikaenda hadi mlangoni, nikaweka mkono kwenye kitasa. Hapo ndipo nilipowaza: huyu hana ufunguo, atafungua kwa vyuma vyake, na mwizi wangu amekwama mlangoni kwa sababu sijui kitasa kinalia vipi kikifunguliwa hivyo. Nikaondoa mkono. Nikabana pumzi, nikaweka sikio kwenye mbao, nikasubiri huo mlio. Nilisikia mfuko wa kazi ukiwekwa chini, nikafurahi, nikajua sasa anatoa vyuma. Mlio haukuja. Yeye alikuwa anasubiri upande wake na mimi nasubiri upande wangu, mbao ya mlango kati yetu, mpaka nikamkasirikia kwa kunipotezea muda, nikarudi mezani kwa mwizi wangu.

Kisa hicho kilikuwa kimekaa ndani yangu siku zote na sikukiona, kwa sababu hakuna aliyeniletea mezani. Fundi hakukijua. Na wifi, pamoja na kichwa chake kinachozurura, asingekifikia hata angepiga pasi nguo za mji mzima.

"Wifi?" akaniita. "Ulikuwa unafanya nini?"

Alikuwa ananitazama vile nilivyokuwa nikimtazama Fundi mezani. Ningempa sentensi moja tu, hadithi yake ingesimama, na nina hakika ingekuwa nzuri kuliko yangu.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Nilitoka pale natembea haraka, nikavuka barabara bila kusalimia watu. Nikafika nyumbani, nikashusha komeo kwa ndani asije mtu kunikatiza, nikakaa mezani na kuanza pale mkono ulipoondoka kwenye kitasa. Iliandikika. Sikuinua kichwa hata kunywa maji. Mchana ukapita, na baadaye Fundi akarudi kutoka kazini, akaingiza ufunguo wake, mlango ukakataa. Akabisha hodi.

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa katikati ya sentensi.